Kukusanya stempu kwa jicho la historia: mwongozo kamili, kwa mfano wa Zanzibar na majirani zake

Stempu ya kwanza ya posta yenye gundi ilitolewa Uingereza mwezi Mei 1840. Ilikuwa nyeusi, ya thamani ya peni moja, ikiwa na kichwa cha Malkia Victoria bila jina la nchi yoyote. Tangu wakati huo karibu kila dola, kila koloni, majeshi yaliyoteka miji na hata serikali zilizodumu kwa muda mfupi zimetoa stempu zao, kwa kuwa anayeuza stempu anatangaza kwamba barua za mahali hapo zinasafiri kwa amri yake. Kwa sababu hiyo, anayekusanya stempu kwa ajili ya historia hana budi kuuliza maswali matatu kila anapoishika moja: nani ameitoa, kwa jina la nani, na kwa fedha ipi. Picha iliyochorwa juu yake, ijapokuwa ndiyo inayovuta macho kwanza, huja baada ya hayo matatu. Mifano mingi ya mwongozo huu inatoka Zanzibar na nchi za jirani, kwa sababu mamlaka zilibadilika hapa haraka sana, na sehemu kubwa ya ushahidi wake bado inaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida.

Hatua ya kwanza: chagua uzi mmoja

Anayeanza kwa kusema kwamba atakusanya stempu za dunia nzima hujikuta baada ya muda ana masanduku yaliyojaa lakini hana mkusanyiko. Nchi zinazotoa stempu leo zinapindukia 190, na nyingine hutoa nyingi mno kwa mwaka, zikiwalenga wakusanyaji zaidi kuliko watuma barua. Tawala ndogo za Ghuba kama Ajman, Fujairah na Umm al-Qaiwain zilifanya hivyo katika miaka ya 1960 hadi 1972, zikichapisha stempu za michoro ya Ulaya, vyombo vya anga na michezo ya Olimpiki ambazo wakazi wake wengi huenda hawakuziona kamwe. Stempu hizo zinapendeza na ni rahisi kupatikana, lakini mtu anayetafuta historia ya Ajman ndani yake atatoka mikono mitupu.

Uzi unaweza kuwa mahali pamoja palipopita mikononi mwa watawala mbalimbali, au tukio moja lililoonekana katika nchi kadhaa, au hata anguko la fedha. Kwa anayeanza na fedha kidogo, Ujerumani ya 1923 inafaa sana: katika mwaka huo mmoja thamani iliyoandikwa kwenye stempu ilipanda hadi marki bilioni 50, nyingi zikiwa stempu za zamani zilizopigwa tarakimu mpya juu yake kwa sababu mitambo haikuweza kwenda sambamba na bei, na zile ambazo hazikutumika bado zinauzwa kwa bei ya chini.

Uzi wa ukoo nao una utamu wake. Mwaka 1944 Zanzibar ilitoa stempu nne zenye picha ya jahazi na ramani kuadhimisha miaka 200 ya Al Busaid, ukoo wa masultani wake, na mwaka huohuo Muscat ikatumia stempu za India zilizopigwa maneno ya Kiarabu pamoja na mwaka 1363 wa Hijria kwa maadhimisho yaleyale. Ukiziweka seti hizo mbili katika ukurasa mmoja, matawi mawili ya nasaba moja yanaonekana bila maelezo mengi, na India ya Waingereza inaonekana imesimama nyuma ya mojawapo.

Hatua ya pili: andika mfululizo wa mamlaka kabla ya kununua chochote

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha mkusanyaji na mnunuzi. Chukua daftari, uandike kwa mpangilio wa miaka ni nani aliyesimamia posta ya mahali ulipopachagua na alitumia stempu zipi. Kwa Zanzibar daftari litaanza na miaka ambayo ofisi ya posta ya kisiwani iliendeshwa na posta ya India, ambapo barua zilibandikwa stempu za kawaida za India zenye kichwa cha Victoria. Stempu ya namna hiyo haina dalili yoyote ya Zanzibar isipokuwa muhuri wa posta, kwa hiyo ukiipata iliyogongwa neno Zanzibar unashika hati ya kipindi hicho, na ukiipata iliyogongwa Bombay unashika stempu ya India tu.

Mwaka 1895 stempu za India zilianza kupigwa neno Zanzibar juu yake katika kiwanda cha kuchapia cha hapohapo kisiwani. Maneno yanayoongezwa hivyo juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa nitayaita hapa chapa ya juu. Kazi ilifanywa kwa haraka na kwa herufi za kupanga kwa mkono, na matokeo yake ni makosa ambayo wakusanyaji huyatafuta hadi leo, kama ile stempu inayosomeka Zanzidar. Mwaka 1896 ikaja stempu yenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, mwaka 1899 ya Hamoud bin Mohammed, kisha ya Ali bin Hamoud, na kuanzia 1913 ya Khalifa bin Harub, ambaye alitawala tangu 1911 hadi 1960 na kwa hiyo anazijaza kurasa nyingi kuliko wote. Fedha nazo zilibadilika njiani: anna na rupia zikatangulia, senti na rupia zikafuata, kisha mwaka 1936 zikaingia shilingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na bado stempu zake za kawaida ziliendelea kubeba sura ya sultani, huku sura ya mfalme wa Uingereza ikionekana katika chache za sherehe tu. Ng'ambo, upande wa bara, hali ilikuwa tofauti.

Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963 kulitolewa stempu za sherehe, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakauondoa usultani. Hapakuwa na muda wa kusubiri stempu mpya, kwa hiyo akiba iliyokuwapo ya stempu zenye sura za masultani iligongwa maneno JAMHURI 1964, mwanzoni kwa mhuri wa mkono na baadaye kwa mtambo. Chapa ya mkono mara nyingi imepinda, wino wake haukolei sawasawa, na wakati mwingine imegongwa mara mbili. Haraka ya majuma yale inaonekana katika kila moja.

Daftari la bara litakuwa na safu nyingi zaidi. Wajerumani walianza mwaka 1893 kwa stempu za nyumbani kwao zilizopigwa thamani kwa pesa, jina la sarafu ndogo ya koloni lao, na kuanzia 1901 wakatumia mchoro wa Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaisari. Mchoro huohuo ulitumika katika makoloni yao yote, kuanzia Kamerun hadi Samoa, jina tu likibadilishwa, kwa hiyo stempu hiyo inaeleza mengi kuhusu Berlin na hakuna chochote kuhusu Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta mkanganyiko mtamu kwa mkusanyaji: stempu za India zenye herufi I.E.F. kwa ajili ya askari waliotoka India, stempu za Kijerumani zilizopigwa neno Mafia baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1915, na stempu za Kongo ya Wabelgiji zilizopigwa maneno ya uvamizi kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa matumizi ya Rwanda na Burundi kuanzia 1916. Wajerumani wenyewe, wakiwa wamezuiwa baharini, walichapisha stempu katika kiwanda cha misheni ya Vuga huko Usambara mwaka 1916, lakini zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui na zikafukuliwa baada ya vita. Herufi G.E.A., yaani German East Africa, kwenye stempu za Afrika Mashariki na Uganda zinafuata, kisha mwaka 1922 anatokea twiga wa Tanganyika.

Kwa Kenya anza na stempu za Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki ya Kiingereza za 1890, zenye jua na taji, kwa kuwa ni nadra kuona nchi inayotawalwa na kampuni ya biashara ikijitangaza waziwazi hivyo. Uganda ina kisa chake peke yake: mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu kwa mashine ya taipu, na thamani yake ilihesabiwa kwa kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha. Kuanzia 1935 nchi tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitumia stempu za pamoja, na ushirika wa posta ulivuka uhuru hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Angalia stempu za pamoja za miaka ya 1960 na 1970 uone jinsi majina ya nchi yanavyobadilishana nafasi kutoka toleo moja hadi jingine, ili pasiwe na nchi inayotangulia daima.

Hatua ya tatu: vifaa

Vifaa ni vichache. Unahitaji kibano chenye ncha bapa, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huacha madoa. Kioo cha kukuzia, angalau mara kumi. Kipimo cha vitobo vya ukingoni. Na albamu yenye mifuko ya kuchomekea, kurasa zake ziwe za karatasi isiyo na asidi. Usitumie albamu za picha zenye karatasi ya kunata, na usibandike stempu kwa gundi wala kwa selotepu.

Hatua ya nne: kuzipata

Chimbuko bora, na la bei ndogo, ni barua za kale za familia, ofisi, misheni na maduka ya biashara. Omba bahasha nzima, na umsihi mwenye nazo asizikate. Mzee aliyesoma ng'ambo katika miaka ya 1960 huenda ana fungu la barua ambalo halijaguswa, na bahasha moja yenye stempu, muhuri unaosomeka, anwani na alama za njiani ina thamani kwa historia kuliko seti nzima iliyong'olewa. Mashirika ya posta huuza matoleo mapya kwa wakusanyaji, na masoko ya mtandaoni yana kila kitu, pamoja na kila aina ya ulaghai, jambo ambalo nitalirudia. Kubadilishana na wakusanyaji wa nchi nyingine bado ni njia nzuri; kubalianeni mapema kama hesabu itakuwa moja kwa moja au kwa thamani ya katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu na bei zake.

Hatua ya tano: kuzitoa kwenye karatasi, au kuziacha

Kabla ya kulowesha chochote, jiulize kama kuna sababu ya kukiacha kilivyo. Bahasha ya kabla ya 1960, bahasha yenye muhuri wa mji mdogo, wa meli, wa jeshi au wa mkaguzi wa barua, na bahasha yenye stempu za mamlaka mbili pamoja, zote ziachwe nzima. Zilizobaki, za kawaida, zikatwe kwa kuacha ukingo wa karatasi usiopungua sentimita moja kuizunguka stempu, kisha ziachwe zielee juu ya maji ya kawaida au vuguvugu kidogo, uso ukiangalia juu. Subiri dakika 15 hadi 20 mpaka stempu iteleze yenyewe. Ukilazimika kuvuta, muda haujatosha. Ioshe nyuma gundi yote iliyobaki, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na ikishakauka iweke kati ya kurasa za kitabu kizito usiku kucha.

Kuna hatari tatu. Bahasha za rangi na wino wa kalamu huchuja na kuchafua stempu zote za bakuli hilo, kwa hiyo zitenge. Stempu mpya za kubandika bila kulowesha mara nyingi hazitoki kwa maji. Zikate na karatasi yake na uzihifadhi hivyo. Na stempu nyingi za zamani za makoloni ya Uingereza, hasa za zambarau na kijani, zilichapwa makusudi kwa wino unaoyeyuka ili mtu asiweze kufuta muhuri na kuzitumia tena. Hizo zikiguswa na maji hupoteza rangi, na thamani yake huondoka pamoja na maji.

Hatua ya sita: kuitambua stempu

Jina la nchi kwenye stempu mara nyingi limeandikwa kwa lugha yake: Helvetia ni Uswisi, Magyar ni Hungaria, Suomi ni Finland, Sverige ni Sweden, Österreich ni Austria, Hellas ni Ugiriki, Nippon ni Japani, na herufi CCCP ni Umoja wa Kisovyeti. Stempu isiyo na jina lolote ila kichwa cha mfalme au malkia kwa kawaida ni ya Uingereza, ambayo imeendelea na desturi yake ya 1840.

Baada ya nchi, tafuta toleo. Katalogi zinazotumika zaidi ni Stanley Gibbons ya Uingereza, Scott ya Marekani, Michel ya Ujerumani na Yvert et Tellier ya Ufaransa, na kila moja ina namba zake. Kwa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki tumia Stanley Gibbons, na kwa Wajerumani tumia Michel. Toleo la zamani la katalogi linatosha, kwa kuwa namba na maelezo hubadilika kidogo tu. Bei iliyoandikwa humo ichukuliwe kwa tahadhari: ni bei ya duka kwa stempu isiyo na kasoro, na mnadani stempu za kawaida huuzwa kwa sehemu tu ya kiasi hicho.

Vitobo hupimwa kwa kuhesabu vilivyomo katika urefu wa sentimita mbili. Ikiwa kipimo kinaonyesha 13, maana yake ni vitobo 13 katika nafasi hiyo. Hili linaweza kuonekana jambo la kuchosha, na kwa stempu nyingi ni hivyo, lakini katika seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya Mfalme George VI iliyoanza 1938, stempu mbili zinazofanana kwa rangi na mchoro zinaweza kutofautiana sana kwa bei kwa sababu ya vitobo peke yake, kwani uchapaji uliendelea kipindi chote cha vita na mashine zilibadilishwa. Alama ya maji iliyo ndani ya karatasi, kwa makoloni ya Uingereza ikiwa taji na herufi CA, huonekana ukiiweka stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi au ukiielekeza kwenye mwanga.

Hatua ya saba: kujikinga na ghushi

Stempu zenye chapa ya juu ndizo rahisi kughushi, kwa kuwa mlaghai hahitaji kuchapa stempu. Ananunua stempu halisi ya bei ndogo na kuongeza maneno machache. Chapa za Mafia, kauri za Uganda na JAMHURI ya mhuri wa mkono zote zimeghushiwa. Kipimo cha kwanza ni mpangilio wa wino. Kwenye stempu iliyotumika, chapa ya juu ilitangulia na muhuri wa posta ukafuata, kwa hiyo chini ya kioo cha kukuzia wino wa muhuri lazima uonekane umepita juu ya chapa. Ukikuta herufi za chapa zimelala juu ya wino wa muhuri, hizo ziliongezwa baada ya stempu kufanya kazi yake, na hapo hakuna mjadala. Kipimo cha pili ni tarehe: muhuri usiwe wa kabla ya chapa kutolewa.

Ulaghai mwingine unahusu stempu za thamani kubwa, za pauni, za Afrika Mashariki. Nyingi zilitumika kulipia ushuru wa hati na zikafutwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi. Baadhi zimesafishwa kwa kemikali na kugongwa muhuri bandia wa posta. Karatasi iliyofifia, uso usiong'aa na mkwaruzo wa kalamu unaoonekana ukiinamisha stempu kwenye mwanga ni dalili tosha za kuachana nayo. Kwa stempu ya bei kubwa, dai cheti cha wataalamu kabla ya kulipa, kama vile cha kamati ya Royal Philatelic Society London, na muuzaji akikataa sharti hilo, usinunue.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Pwani, adui mkubwa ni unyevu. Huleta madoa ya kahawia na huyafanya magundi ya stempu mpya yashike kurasa. Simamisha albamu wima badala ya kuzilaza, usizibane, ziweke mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu, ndani ya kabati au sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo utavikausha au kuvibadilisha kabla na baada ya masika. Zifungue siku kavu zipate hewa, mbali na jua. Dawa ya mende isinyunyizwe karibu nazo. Kamwe usizifunike kwa plastiki ya joto kama kitambulisho. Hakuna namna ya kurudi kutoka hapo.

Hatua ya tisa: kuandika ukurasa

Kila ukurasa uwe na mamlaka moja au badiliko moja, na maelezo yajibu yale maswali matatu ya mwanzo kwa mistari michache. Kwa mfano: "Zanzibar, Januari 1964. Stempu za utawala wa sultani, zilizogongwa JAMHURI 1964 kwa mkono baada ya mapinduzi ya tarehe 12. Fedha: senti na shilingi. Chapa imepinda kuelekea kushoto." Usiandike hotuba, aliyefungua ukurasa anataka kuitazama stempu. Namba ya katalogi iandikwe kwa penseli laini ukingoni mwa ukurasa, kamwe isiandikwe nyuma ya stempu.

Bei uliyolipa, mahali ulipoipata na tarehe viwekwe katika daftari jingine, pamoja na picha ya kila kipande cha thamani, pande zote mbili. Daftari hilo lihifadhiwe mbali na albamu, na mtu mmoja wa nyumbani ajue lilipo, kwa kuwa bila hilo warithi huuza kwa uzani. Unapopata nakala bora kuliko uliyonayo, ihamishe ya zamani kwenye akiba ya kubadilishana siku hiyohiyo na urekebishe daftari, la sivyo baada ya mwaka mmoja hutajua ni ipi iliyotoka kwenye bahasha gani.